Deni, Saruji na Ukaguzi: Mwenendo wa Ujenzi kwa Jirani Zetu



Askari aliyewahi kuchimba handaki anajua kwamba uimara wa kazi yoyote ya ujenzi huanza mahali pasipoonekana. Na askari anayekaribia kustaafu anaijua hesabu nyingine: anapopanga matumizi ya kiinua mgongo chake, swali la kwanza ni bei ya mfuko wa saruji, la pili ni bei ya nondo, na la tatu ni kama fundi aliyempata ni mwaminifu. Basi mtu asidhani kwamba habari za uchumi wa ujenzi ni za mabwana wa mabenki na wasanifu wa majengo peke yao. Leo tutazungumzia mwenendo wa ujenzi kwa jirani zetu, hasa Kenya, na yale tunayoweza kutazamia katika miaka inayokuja.

Nahodha hutazama tanga ili ajue nguvu ya upepo. Wachumi nao huitazama kazi ya ujenzi ili wajue hali ya fedha katika nchi. Sababu yake si ngumu kueleweka. Serikali inapopungukiwa na fedha, haiwezi kuacha kulipa mishahara ya askari na walimu, wala haiwezi kuwaambia wenye kuidai warudi mwakani. Inachoweza kufanya haraka ni kuahirisha barabara, kusimamisha daraja na kuchelewesha malipo ya mkandarasi. Kwa hiyo ujenzi huwa wa kwanza kuneemeka fedha zinapokuja, na huwa wa kwanza kufa njaa zinapokwisha.

Tukumbuke yaliyofanyika nchini Kenya kwa muda wa miaka kumi hivi. Mwaka 2012 ilikamilika barabara pana ya Nairobi hadi Thika. Mwishoni mwa mwaka 2014 ilianza kazi ya reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, na reli hiyo ikafunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Mwaka 2019 ilisogezwa mbele hadi eneo la Naivasha. Mwaka 2022 magari yakaanza kupita katika barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilometa 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hizi ni kazi kubwa, na mgeni aliyelijua jiji la Nairobi zamani akirudi leo hana budi kuuliza njia.

Lakini yafaa tuulize swali ambalo mpita njia haulizi: fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ya gharama za reli ilitokana na mikopo ya Benki ya Exim ya China, kiasi cha dola bilioni 3.2 kwa kipande cha Mombasa hadi Nairobi, na kiasi cha dola bilioni 1.5 kwa kipande cha kwenda Naivasha. Mikopo mingine ilichukuliwa katika masoko ya fedha ya dunia. Kukopa kwa ajili ya kujenga si kosa. Hata sisi tumekopa ili kujenga sehemu za reli yetu. Jambo la kuangalia ni kwamba mkopo una tarehe yake, na tarehe hiyo haingoji reli ianze kuleta faida.

Mnamo Juni 2024 Kenya ilikabiliwa na siku ya kulipa hati fungani yenye thamani ya dola bilioni 2. Ili kupunguza mzigo huo, mwezi wa Februari mwaka huo nchi ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10. Wakati huo huo Benki Kuu ya Kenya, katika kuitetea shilingi na kuzuia kupanda kwa bei, ilikuwa imepandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Serikali nayo ilikopa kwa wananchi wake kwa hati fungani ya miundombinu iliyolipa zaidi ya asilimia 18. Hebu fikiria, ndugu msikilizaji: ikiwa serikali yenyewe inatoa asilimia 18, benki gani itamkopesha mjenzi wa nyumba za kupanga kwa riba nafuu? Fedha zote huelekea kule zinakopata faida bila jasho.

Kisha yakaja matukio ya Juni 2024. Mswada wa Fedha uliokusudiwa kuleta shilingi za Kenya zipatazo bilioni 346 ulipingwa na vijana mitaani, watu wakapoteza maisha, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Bajeti ikabidi ipunguzwe, na matumizi ya maendeleo yakawa miongoni mwa yaliyokatwa.

Matokeo yalionekana katika takwimu. Mwaka 2024 uchumi wote wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7, lakini sekta ya ujenzi haikukua hata kidogo. Ilipungua kwa asilimia 0.7, ilhali mwaka uliotangulia ilikuwa imekua kwa asilimia 3. Matumizi ya saruji nayo yakashuka.

Takwimu hizi zina uso wa binadamu. Mkandarasi wa barabara huchukua mkopo benki ili anunue lami, kokoto na mafuta ya mitambo, akitegemea kwamba atalipwa kila hatua ya kazi inapothibitishwa. Hati ya malipo inapokaa katika makabrasha ya wizara kwa mwaka mmoja au miwili, riba haikai, inaendelea kupanda. Mwishowe benki hulichukua greda na kulinadi. Dereva wa greda hurudi kijijini. Mama aliyekuwa akiwapikia vibarua wali na maharage kando ya barabara huzima moto wake. Madeni ya namna hiyo kwa wakandarasi wa barabara nchini Kenya yalifikia kiasi cha shilingi za Kenya bilioni 175. Barabara zilizoachwa nusu ziligeuka vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika.

Sasa, je, jirani zetu walitokaje katika shida hiyo? Hapa ndipo penye fundisho. Mnamo Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara iliongezwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2025 serikali ilizichukua zile shilingi saba zilizoongezeka, mapato ya miaka ijayo, ikayaweka dhamana ili ipate fedha za kuwalipa wakandarasi mara moja. Kadhalika, Benki Kuu ilianza kushusha riba tangu Agosti 2024, na katika mwaka 2025 kiwango chake kikawa chini ya asilimia 10. Mnamo Oktoba 2025 mikopo ya reli ilibadilishwa kutoka dola na kuwa katika fedha ya China, hatua ambayo serikali ilieleza kwamba ingepunguza malipo kwa dola milioni 215 kila mwaka. Wakandarasi wakaanza kulipwa, mitambo ikaanza kunguruma tena, na sekta ya ujenzi ikainuka katika mwaka huo wa 2025.

Njia ya kugharimia kazi mpya nayo imebadilika. Barabara ya juu ya Nairobi ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mapatano kwamba itatoza ushuru kwa miaka kadhaa kabla ya kuikabidhi kwa serikali. Mnamo Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara kuu ya kutoka Rironi hadi Mau Summit kwa utaratibu unaofanana na huo, na safari hii mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi wa Kenya ni mmoja wa wabia pamoja na kampuni za Kichina. Kwa maneno mengine, barabara inajengwa kwa akiba ya uzeeni ya mfanyakazi, na mfanyakazi huyo huyo ataulipa ushuru atakapopita juu yake.

Tuchukue pia mpango wa nyumba za bei nafuu. Mwaka 2017 serikali iliyokuwapo iliahidi nyumba 500,000 katika miaka mitano, lakini lengo hilo halikufikiwa. Serikali iliyofuata ikaweka lengo la nyumba 200,000 kwa mwaka, na safari hii ikatafuta fedha katika mishahara. Sheria ya Machi 2024, iliyotungwa baada ya mahakama kuitangua tozo ya kwanza, inamkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho. Nyumba za kwanza kubwa kwa idadi zilikabidhiwa kwa wenyewe huko Mukuru, Nairobi, mwezi wa Mei 2025.

Ndugu askari, hesabu hii tuifanye pamoja. Askari polisi wa Kenya mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa shilingi 600 kila mwezi kwa ajili ya nyumba ambayo huenda asiipate. Askari huyo huyo, tangu mwaka 2018, amepewa posho ya nyumba na ruhusa ya kupanga uraiani, kwa kuwa nyumba za kambini hazikutosha na nyingi zilikuwa zimechakaa. Kwa hiyo yeye ni mlipaji wa tozo ya ujenzi, tena ni mpangaji wa ghorofa lililojengwa na mtu binafsi. Na ghorofa likianguka, yeye ndiye anayeitwa usiku kwenda kufukua. Jambo hili tutalirudia kabla ya kumaliza.

Je, tutazamie nini? Kwa maoni yetu, ujenzi nchini Kenya utaendelea kuinuka ikiwa mambo mawili yatatimia: riba ibaki chini, na serikali isirudie tabia ya kutia sahihi mikataba mingi kuliko mfuko wake. Lakini msingi wa kuinuka huko umehama. Zamani mzigo ulikuwa mikononi mwa wakopeshaji wa nje. Sasa umewekwa juu ya lita ya mafuta, juu ya hati ya mshahara na juu ya lango la ushuru barabarani. Wema wa njia hii ni kwamba nchi hailali ikiwaza bei ya dola. Ubaya wake ni kwamba mapato ya kesho yanatumiwa leo, na mwananchi akichoka kulipa hakuna akiba nyingine nyuma yake. Mwaka 2024 ulionyesha kwamba uchovu huo si jambo la kudhaniwa tu.

Sasa tuingie katika suala la saruji. Watu wengi hudhani kwamba kila kiwanda chenye jina la saruji huchimba mawe na kuyachoma. Sivyo. Kazi kubwa na ya gharama ni kuyachoma mawe ya chokaa katika tanuru yenye joto kali hadi yawe vidonge vigumu viitwavyo klinka. Kusaga klinka na kutia katika mifuko ni kazi nyepesi. Viwanda kadhaa vya Kenya vilikuwa vikinunua klinka nje na kuisaga tu. Mwaka 2023 Kenya iliweka tozo ya asilimia 17.5 juu ya klinka inayoagizwa, kwa nia ya kuwalazimisha wenye viwanda kujenga matanuru yao. Nia hiyo ina mantiki, maana nchi isiyochoma klinka yake ni kama jiko linaloazima moto kila siku. Lakini tanuru halijengwi kwa siku moja, na katika muda wa kungoja anayebeba mzigo wa tozo ni mnunuzi wa mfuko.

Katika jambo hili kuna habari inayotuhusu sisi moja kwa moja. Mnamo Desemba 2024 kampuni ya Kitanzania ya Amsons ilikamilisha ununuzi wa kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanzishwa mwaka 1951 katika pwani ya Mombasa, kwa gharama ya kiasi cha dola milioni 180. Mwaka mmoja kabla ya hapo kampuni hiyo ilikuwa imenunua kiwanda cha saruji cha Mbeya kutoka kwa mwenye mali yule yule wa Uswisi. Kwa miaka mingi tulizoea kuona mitaji ikitoka Kenya kuja kwetu. Safari hii imekwenda upande wa pili. Maana yake ni kwamba hali ya ujenzi wa jirani haiwezi tena kuwa habari ya jirani tu. Nairobi ikiacha kumwaga zege, atakayepata hasara ni pamoja na Mtanzania.

Kwa upande wa magharibi, Uganda nayo inafundisha jambo. Reli ya kisasa ya Kenya ilipokoma Naivasha mwaka 2019 kwa kukosa mkopo wa kuendelea, Uganda ilibaki ikingoja reli iufikie mpaka wake. Mapatano yake na kampuni ya Kichina yalivunjwa mwaka 2023, na mwezi wa Oktoba 2024 ikatia sahihi mkataba mwingine na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, ambayo pia imejenga sehemu ya reli yetu ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Mkataba huo ni wa kiasi cha euro bilioni 2.7 kwa njia ya kilometa zipatazo 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Lakini reli itakayoanzia Malaba itafaa nini ikiwa ile ya Kenya haijafika Malaba? Ndiyo maana wenye bidhaa wa Kampala wanaitazama Kenya kwa jicho moja na bandari ya Dar es Salaam kwa jicho la pili. Kwa upande wetu, bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilometa 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limekwisha kuonyesha kwamba kazi kubwa za nchi moja huamua ajira na ulinzi katika nchi nyingine.

Ndugu wasikilizaji, tumezungumza juu ya fedha na saruji. Limebaki jambo la tatu, nalo ndilo linalomgusa askari kuliko yote. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa sita lilianguka katika mtaa wa Huruma. Watu wapatao 50 walikufa. Maofisa walieleza baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha kuwekwa alama ya kubomolewa. Askari, wazima moto, watu wa Msalaba Mwekundu na vijana wa mtaani walifukua kwa siku kadhaa, mara kwa mashine, mara kwa mikono mitupu, wakiamrishana kimya ili wasikie kama yuko anayegonga chini. Baada ya siku zipatazo tatu alitolewa mtoto mchanga wa kike, akiwa hai.

Kenya haikukosa sheria. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kilichopungua ni mtu wa kuhakikisha kwamba alama iliyowekwa ukutani inafuatwa na tendo. Wakati ujenzi unapokimbia, mwenye kiwanja hutaka ghorofa la sita mahali palipopimwa ghorofa tatu, kwa sababu mkopo wake una riba na wapangaji wanangoja mlangoni. Wakati ujenzi unapolala, fedha zikiwa haba, hupunguza saruji katika zege na kununua nondo nyembamba. Kwa hiyo hatari ipo katika neema na katika dhiki, na mkaguzi hana msimu wa kupumzika.

Wala hatusemi haya kwa kumcheka jirani. Mwaka 2013 jengo la ghorofa nyingi lilianguka katikati ya jiji la Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha. Huko nako walioitwa ni ninyi: wanajeshi, polisi na askari wa Zimamoto na Uokoaji. Wapo kati yenu wanaosikiliza mazungumzo haya ambao bado wanaikumbuka harufu ya vumbi lile. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nasi kichwa chetu kimekwisha kuguswa na wembe.

Kwa hiyo, mtu akikuonyesha picha ya majengo mapya ya mji wa jirani, au ya mji wetu wenyewe, na kukuuliza kama nchi hiyo inaendelea, usihesabu ghorofa. Uliza nani atalipa na lini. Uliza klinka imechomwa wapi. Uliza nani alishuka shimoni kuutazama msingi kabla zege halijamwagwa, na kama alikuwa na uwezo wa kusema hapana akasikilizwa. Maswali ya kwanza yataonyesha kama ujenzi utaendelea mwakani. La mwisho litaonyesha kama waliolala ndani wataamka.

Askari hawezi kuamua riba ya benki wala bei ya saruji. Lakini ofisa wa polisi anayemsindikiza mhandisi kusimamisha kazi ya hatari, na ambaye hakubali kugeuziwa uso kwa bahasha, ameokoa watu wengi kuliko kikosi kizima kitakachofika baadaye na mitarimbo. Na yule anayekaribia kustaafu, aliyekwisha kununua kiwanja chake, naye ana wajibu mdogo: awe mkali kwa fundi wake kama alivyokuwa mkali kwa kuruta wake, apime zege, ahesabu nondo, na asione haya kubomoa ukuta uliopinda. Ukuta huo atalala chini yake yeye na wajukuu wake.